Dola na Matumbo ya Wanawake

Ikiwa katika Korea ya Kusini, mwaka 2023, wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka hadi 0.72, hali ya kuwa taifa lisilopokea wahamiaji huhitaji takriban 2.1 ili idadi ya watu wake isipungue, hapana budi kuuliza ni kwa njia gani dola yaweza kuwapa raia wake raghba ya kuzaa, na ni wapi inapovuka mpaka ikaingia katika dhuluma.

Mwezi wa Oktoba 1966, serikali ya Romania chini ya Nicolae Ceaușescu ilitoa Amri nambari 770, ikaharamisha kutoa mimba ila kwa nyudhuru chache, na mwaka uliofuata uzazi ukaruka kutoka watoto 1.9 hadi 3.7 kwa kila mwanamke, hata walioitunga amri ile wakadhani wamefaulu. Lakini wanawake walijitafutia njia za siri; maelfu wakafariki mikononi mwa watu wasio matabibu, nyumba za mayatima zikajaa watoto waliotelekezwa, na ilipowadia miaka ya themanini uzazi ulikuwa umekwisha rudi karibu na pale ulipoanzia. Siwezi kuitaja habari hii bila ya huzuni, kwani roho zile zilipotea bure. Amri ilifutwa Desemba 1989, mara tu utawala ule ulipoanguka.

Uswidi ilishika njia nyingine. Mwaka 1934 Alva na Gunnar Myrdal walichapisha kitabu kuhusu kupungua kwa uzazi, wakidai kwamba gharama ya kulea mtoto ni juu ya jamii nzima; mwaka 1939 sheria ikamkataza mwajiri kumfukuza mwanamke kwa sababu ya kuolewa au kushika mimba; mwaka 1948 kila mtoto, wa tajiri na wa fakiri, akawekewa posho; na mwaka 1974 baba naye akapata haki ya likizo yenye malipo ili alee. Mwaka 1990 uzazi ulifika 2.1, kisha kazi zilipoadimika ukashuka, na leo Uswidi nayo imo chini ya kiwango hicho.

Hata hivyo hakuna mama aliyekufa kwa posho. Kuwaondolea khofu ya umaskini wale ambao tayari wanatamani watoto, hiyo, kwa rai yangu, ndiyo kazi pekee ambayo dola ina haki ya kuifanya katika jambo la uzazi.