Pikipiki ya Chama Inapopoteza Nguvu

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Pikipiki ya chama ni mali ya wanachama wote, kama zilivyo mizani na ghala. Ndiyo imfikishayo katibu kwenye vituo vya kupokelea mazao, na ndiyo ipelekayo hesabu na stakabadhi kwenye ofisi ya chama kikuu. Ikilala wakati wa msimu, mkulima aliyekwisha kukabidhi kahawa yake huweza kuchelewa kulipwa, si kwa kuwa fedha hazipo, bali kwa kuwa karatasi hazikufika. Kwa hiyo ugonjwa wa injini si shauri la fundi peke yake. Ni shauri la kamati pia.

Pikipiki za zamani zenye kabureta, kama Honda CG125 iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1970, zina sifa moja kubwa: makosa yake yaweza kutafutwa kwa vifaa vichache, bila kompyuta. Lakini sifa hiyo ina hatari yake. Maadamu kabureta hufunguka kwa bisibisi, kila mtu huanza kwa kuifungua.

Na uchukuliwe mfano. Pikipiki inawaka vizuri asubuhi, inakwenda kilomita 10, kisha inalegea na kuzima. Ikipumzika kidogo inawaka tena. Fundi anasema kabureta imekufa. Kamati inaidhinisha kununua mpya. Ugonjwa unabaki. Fundi anasema koili, nayo inanunuliwa. Ugonjwa unabaki. Mwishowe yagunduliwa kwamba tundu dogo la pumzi katika kifuniko cha tangi limezibwa na udongo. Petroli ilipopungua, hewa haikuingia kushika nafasi yake, na petroli ikakataa kushuka. Kosa la kuondolewa kwa sindano limekula hati mbili za malipo.

Dawa ya hasara ya namna hii ni utaratibu. Mwenda pole hajikwai. Kila jambo lipimwe kwa zamu yake, kuanzia lile lisilogharimu kitu, na badiliko liwe moja tu kwa wakati mmoja. Mambo mawili yakibadilishwa pamoja na pikipiki ikapona, hakuna ajuaye ni lipi lililoiponya.

Kabla ya kuigusa injini

Si kila upungufu wa nguvu watoka katika injini. Gurudumu la nyuma liinuliwe na kuzungushwa kwa mkono. Likiwa zito, breki yashika au mnyororo umekazwa kupita kiasi. Kama mngurumo wapanda mlimani lakini mwendo hauongezeki, klachi yateleza.

Kimo cha nchi nacho kikumbukwe. Injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa hupungua uzito. Pikipiki iliyokuwa na nguvu Tanga, karibu na usawa wa bahari, haiwezi kuwa na nguvu zilezile katika mashamba ya kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hilo si kosa la kununuliwa vipuri.

Petroli na hewa

Injini yahitaji vitu vinne: petroli, hewa, cheche na mgandamizo. Petroli ndiyo ya kwanza kupimwa. Injini ikiwa imepoa, na mahali pasipo moto wala sigara, mpira wa petroli uchomolewe kwenye kabureta na kuelekezwa katika chupa ya kioo. Mtiririko ukianza vizuri kisha ukafifia, kifuniko cha tangi kifunguliwe. Ukirudi, tundu la pumzi limeziba. Usiporudi, chujio lililo katika koki ya tangi likaguliwe. Chupa iachwe itulie: maji yakiwamo, yatajitenga chini.

Chujio la hewa likijaa vumbi, injini hunyimwa pumzi, hunywa petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Kuliondoa chujio ili pikipiki ipate nguvu ni kosa kubwa zaidi, kwani vumbi hula silinda na ringi. Kadhalika, ufa katika kiungo kati ya kabureta na injini huingiza hewa isiyopimwa. Injini ikinguruma taratibu, kiungo hicho kinyunyiziwe maji kidogo. Sauti ikibadilika, hapo ndipo pavujapo.

Cheche

Plagi ni shahidi asiyesema uongo. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mambo ni sawa. Masizi meusi makavu huonyesha petroli imezidi au hewa imepungua. Weusi wenye mafuta huonyesha oili yapenya ndani ya silinda. Weupe mkavu huonyesha hewa imezidi, na injini hiyo i hatarini kuungua.

Nafasi ya plagi katika CG125 ni milimita 0.6 hadi 0.7, zile zenye pointi, nafasi ya pointi ni milimita 0.3 hadi 0.4. Petroli ikiwa imewekwa mbali, plagi iunganishwe na waya wake, chuma chake kigusishwe kwenye injini mbali na tundu lake, kisha kiki ipigwe. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Ya manjano na nyembamba ni dhaifu. Koili nyingine hufa zikipata joto na kufufuka zikipoa. Kwa hiyo cheche ipimwe palepale pikipiki ilipozima, si kesho yake asubuhi.

Mgandamizo

Kidole gumba kikizibwa juu ya tundu la plagi na kiki ikapigwa, yapasa kisukumwe kwa nguvu. Kama sivyo, nafasi ya valvu ipimwe kwanza, injini ikiwa baridi. Kwa CG125 ni milimita 0.08. Wengi hufurahia valvu zisizolia, ilhali valvu iliyobanwa mno haifungi barabara, huvujisha nguvu na mwishowe huungua. Nafasi ikiwa sawa, kijiko kimoja cha oili ya injini kitiwe ndani ya tundu la plagi na kipimo kirudiwe. Nguvu ikiongezeka, ringi au silinda zimechakaa. Isipoongezeka, valvu ndizo za kuangaliwa.

Kabureta

Sasa ndipo zamu ya kabureta. Mkono wa kuongezea petroli utiwe alama kwa chaki, ili ijulikane ugonjwa watokea wapi. Ukiwa mwanzoni kabisa, njia ya petroli ya kungurumia ndiyo ya kukaguliwa, pamoja na skrubu yake. Ukiwa kati ya robo na robo tatu, ni sindano na mahali pa klipu yake. Ukiwa mwishoni, ni jeti kuu. Jeti isisafishwe kwa waya wa chuma, maana tundu likipanuka kipimo kimepotea. Petroli safi na pampu ya baiskeli zatosha. Skrubu ikazwe kwanza taratibu huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa, ndipo itolewe.

Wajibu wa katibu na kamati

Yafaa kila chama kiwe na daftari la pikipiki. Humo iandikwe tarehe, kilomita, dalili, kipimo kilichofanywa na jibu lake. Hati ya malipo ya kipuri isitiwe sahihi mpaka ionyeshe ni kipimo gani kilichothibitisha kwamba kipuri cha zamani kimekufa, na kipuri hicho kiletwe mbele ya kamati. Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa, ataheshimiwa zaidi.

Wanachama nao wana haki ya kulisoma daftari hilo kwenye mkutano mkuu, kama wasomavyo hesabu za ghala. Shilingi inayotolewa kwa kubahatisha imekatwa katika malipo ya mkulima.