Maji, jokofu na spirulina

Utapiamlo wa watoto hauishi kutajwa katika habari za Kivu ya Kusini, na ndiyo maana spirulina inastahili kusikilizwa. Mwani huu mdogo, chakula cha heroe wa Ziwa Nakuru, ambao wanawake wa Kikanembu nchini Chad huukausha kuwa dihé, ukikauka zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini.

Nauliza: tutakamuaje virutubisho vyake? Viwanda vingi vya mafuta ya kula vimezoea heksani, kimiminika cha petroli kinachodhuru mishipa ya fahamu ya wafanyakazi. Lakini rangi ya buluu ya spirulina, fikosianini, huyeyuka katika maji. Gandisha mwani, uache uyeyuke, rudia. Seli zinapasuka na rangi inatoka. Ila joto likizidi nyuzi 50 inaanza kuharibika. Kwa mafuta na karotini, ipo kaboni dioksidi: ikishindiliwa kwa nguvu juu ya nyuzi 31, inayeyusha mafuta, kisha inageuka tena gesi bila kuacha sumu. Ziwa Kivu limehifadhi takriban kilomita za ujazo 300 za gesi hiyo! Mitambo yake, hata hivyo, ni ghali mno.

Kwa maoni yangu, maabara za Bukavu na Lwiro zianze na maji na jokofu, umeme ukiruhusu. Na mtoto mwenye njaa huko Kabare hahitaji rangi iliyokamuliwa. Apewe unga mzima ndani ya uji, pamoja na samaki wadogo wa ndagala, kwani vitamini B12 ya spirulina kwa sehemu kubwa haimfai mwanadamu.