Uongozi wa Mwanamke Huanzia Katika Shughuli za Chuo

(Mada iliyotolewa kwa wanachuo, wakufunzi na akina mama wa Kasulu na Kibondo)



Nimeombwa niseme juu ya uongozi wa wanawake katika vyuo vyetu. Mada hii ni pana, na mtu aweza kuizungumza kutwa nzima bila kugusa ardhi tunayoikanyaga. Kwa hiyo nitaifinya. Nitasema juu ya mahafali, juu ya Siku ya Wanawake ya tarehe 8 Machi, juu ya mabonanza ya michezo, misa za kuwaaga wanaohitimu, ziara za kuwaona wagonjwa, na uchaguzi wa serikali ya wanachuo. Wengi huyaona mambo hayo kuwa ni burudani baada ya masomo. Mimi nasema ndipo mahali ambapo haki ya mwanamke hujengwa au hubomolewa. Binti anayetoka hapa akiwa amezoea kunyamaza, atanyamaza hata siku ile ambayo kunyamaza kwake kutamgharimu mjane shamba lake.

1. Mhitimu anakwenda wapi?

Tumejaliwa vyuo katika nyanda hizi. Hapa Kasulu kuna vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga. Kasulu na Kibondo kila moja ina chuo cha maendeleo ya wananchi. Wanaohitimu hutawanyika mpaka Heru Juu, Manyovu, Mabamba na Muhange, na wengine mbali zaidi.

Mwalimu akifika kijijini hapewi darasa peke yake. Kwa kuwa anajua kuandika, huombwa kuwa katibu wa mkutano. Kwa kuwa anajua hesabu, hukabidhiwa daftari la kikundi cha akiba na mikopo. Jumuiya ndogondogo humwita asome masomo na kupanga zamu. Wakati wa uchaguzi huitwa kusimamia kituo. Watoto wa kike humtazama mwalimu wao wa kike na kujifunza kwake jambo ambalo halimo katika muhtasari wa somo lolote, yaani, mwanamke hukaa wapi penye watu wengi, na hufanya nini anapotofautiana na mwanamume. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Chuo ndipo samaki huyo anapokunjwa, ama kuelekea haki ama kuelekea woga.

2. Viti vipo, sauti ni chache

Nchi yetu haina upungufu wa sheria katika jambo hili. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliweka kwamba wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30. Katika halmashauri ya kijiji sheria inataka robo ya wajumbe wawe wanawake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu. Sheria hiyo hiyo inatangaza kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Kabla ya sheria hiyo kulikuwa na mama mmoja wa Kagera, Holaria Pastory, aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, akaliuza. Mtu wa ukoo wake, Bernardo Ephraim, alimshitaki akisema kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika jambo hilo. Angalieni kwamba hukumu hiyo, ambayo wanasheria wanaisoma mpaka leo, isingekuwapo kama mama huyo angekaa kimya katika mahakama ya mwanzo.

Basi sheria ipo. Lakini sheria huweka kiti tu. Haiwezi kumfungua mdomo anayekikalia. Mara nyingi wanawake watatu wa baraza huketi kwenye benchi la nyuma, husikiliza, hutia sahihi au dole gumba, kisha huondoka mapema kwenda kupika. Mjane aliyeleta shauri lake huwatazama kwa matumaini, na hakuna neno linalotoka. Wanawake hao hawakukosa akili. Walikosa mazoezi, kwa maana hakuna mahali walipowahi kusimama mbele ya wanaume, wakasema "sikubaliani," na dunia ikabaki mahali pake.

3. Tutazame mambo manne katika shughuli zetu

Katika kila shughuli ya chuo yapo mambo manne ya kutazama: kiti, kalamu, mfuko na kipaza sauti. Nani ni mwenyekiti? Nani anaandika kumbukumbu? Nani anashika fedha? Nani anasema mbele ya wageni?

Tuchukue mfano wa mahafali katika chuo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi alikuwa mvulana, na makamu wake msichana. Fedha alishika mvulana. Kamati ya chakula, usafi na mapokezi ilikuwa ya wasichana watupu. Waliamka saa tisa usiku kuteka maji na kuwasha moto, na wageni zaidi ya mia walikula wakashiba. Risala ya wahitimu iliandikwa na msichana, kwa Kiswahili safi na hoja nzito juu ya uhaba wa maji chuoni. Ilipofika saa ya kuisoma ikaamuliwa asome mvulana, kwa sababu "sauti yake inasikika vizuri." Mgeni rasmi alimpongeza msomaji kwa hekima yake. Msichana aliyeiandika alikuwa jikoni akiosha sufuria.

Hakuna aliyekusudia ubaya siku ile, na ndiyo sababu mfano huu unafaa kutafakariwa. Udhalimu mwingi hauhitaji mtu mwovu. Unahitaji tu mazoea ambayo hakuna anayeyahoji. Wala sisemi kupika ni kazi duni. Bwana wetu mwenyewe aliwaandalia wanafunzi wake samaki ufukoni. Ninachosema ni kwamba wavulana nao wapike, na wasichana nao washike mfuko. Anayeshika mfuko hujifunza kutoa hesabu na kusema "hapana" kwa anayetaka kukopa fedha za watu. Anayeshika kalamu hujifunza kwamba neno lisiloandikwa husahauliwa, na kwamba anayeandika ndiye anayeamua kipi kilisemwa. Ujuzi huu hauji kwa mihadhara kama huu wangu. Huja kwa kuutenda.

Jambo hili limeonekana hata katika makambi ya wakimbizi yaliyojengwa katika wilaya zetu baada ya vita vya Burundi na Kongo. Mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi. Miongoni mwake ni kwamba wanawake washiriki katika kamati zote za uongozi, na kwamba washiriki katika kusimamia na kugawa chakula. Watu walikuwa wamejifunza kwa uchungu kwamba mpishi asiposhirikishwa ghalani, sufuria za nyumbani hubaki tupu. Ikiwa jambo hilo lilidaiwa chini ya maturubai, mahali pa dhiki, je, sisi wenye madarasa na mabweni tutakuwa na udhuru gani?

4. Visingizio tunavyovisikia

Cha kwanza ni mila. Husemwa kwamba katika Buha mwanamke haongozi. Wanaosema hivyo waulizeni wazee wa Heru. Hapa hapa Kasulu, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, aliyekalia kiti cha Mwami wa Heru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Ukoo na heshima ya Waha havikuanguka. Baadaye wapiga kura wa Kasulu walirudia jambo lile lile kwa kura: mwaka 2010 jimbo la Kasulu Vijijini lilimchagua Agripina Buyogera, na mwaka 2020 jimbo la Kasulu Mjini likamchagua Profesa Joyce Ndalichako. Walitoka vyama tofauti, wala viti vyao havikuwa vya upendeleo. Walisimama mbele ya wanaume na wanawake wakaomba kura.

Cha pili ni dini. Wapo wanaosema, "Yesu alichagua mitume wanaume, basi uongozi ni wa wanaume." Ndugu zangu, fundisho la Kanisa juu ya daraja takatifu ni jambo moja, na uenyekiti wa kamati ya mahafali ni jambo jingine kabisa. Anayelitumia la kwanza kumnyima binti la pili analitumia vibaya fundisho la Kanisa. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, tunasoma habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi ya wakati ule wasingepata urithi. Walikwenda wakasimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, mbele ya kuhani, viongozi na mkutano wote, wakadai sehemu yao. Musa hakuwafukuza wala hakujifanya anajua. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu. Na Mungu akasema madai yao ni ya haki, sheria ya Israeli ikatengenezwa kwa ajili yao. Mabinti hao walifanya shughuli ya hadhara: walichagua mahali, wakati na hoja, wakasema wote kwa sauti moja.

Cha tatu ni kwamba "wenyewe hawataki." Ni kweli kwamba wasichana wengi wakipendekezwa hukataa. Lakini tuulize kwa nini. Msichana akigombea huitwa jeuri, huambiwa hataolewa, na wakati mwingine wanaomcheka zaidi ni wasichana wenzake. Mikutano hupangwa saa mbili usiku, wakati ambapo njia ya kurudi bwenini ina giza. Mtu akiwekewa miiba njiani, si haki kusema kwamba hataki kutembea.

5. Mwiba mmoja tusioutaja

Kuna mwiba mwingine ambao mara nyingi tunaupitia pembeni kwa sababu ya aibu: mwenye madaraka kumdai msichana mwili wake ili ampe alama, nafasi ya uongozi, au jina katika orodha ya safari. Hiyo ni rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kuwa ni kosa la jinai. Mbele ya Mungu ni dhambi inayolilia haki, kwa kuwa inamgeuza mtu aliyeumbwa kwa mfano wake kuwa bidhaa.

Nawaambia mabinti: si kosa lako wewe uliyedaiwa, wala huna wajibu wa kulinda jina la anayekudai. Mweleze mtu unayemwamini, na peleka taarifa TAKUKURU. Nawaambia wavulana: msiuite uongozi wa msichana "wa kununuliwa" bila ushahidi, maana kwa uvumi huo mnawatisha waaminifu na kuwaficha wakosaji. Na wakufunzi wenzangu katika malezi, tukumbuke kwamba wazazi waliuza maharage na kahawa ili binti yao afike hapa. Walitukabidhi mtu, nasi tutaulizwa habari zake.

6. Tufanye nini?

Napendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha.

Kwanza, kila kamati ya shughuli ya chuo iwe na zamu. Aliyekuwa mwenyekiti mwaka huu, mwakani awe wa jinsia nyingine. Vivyo hivyo mhazini na katibu.

Pili, kazi za jiko, usafi na mapokezi zigawanywe kwa wote.

Tatu, aliyeandika risala ndiye aisome. Kama sauti yake ni ndogo, asogezewe kipaza sauti.

Nne, mikutano ifanyike mchana au alasiri.

Tano, tarehe 8 Machi isiishie kwenye vitenge na ngoma. Waalikeni wajumbe wanawake wa mabaraza ya ardhi ya vijiji jirani waeleze mashauri wanayokutana nayo, nanyi mjifunze sheria pamoja nao.

Mama Gertrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995, alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu kabla hajawa kiongozi wa kimataifa. Tangu tarehe 19 Machi 2021 nchi yetu imejua pia kuapishwa kwa Rais mwanamke. Tunamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini mjane wa Mabamba hatakwenda Ikulu kudai shamba lake; atakwenda mbele ya watu saba wa kijiji chake. Kama mmoja wao atakuwa mwalimu aliyejifunza chuoni kusimama na kusema, mjane huyo atarudi nyumbani na shamba lake. Hiyo ndiyo haki tunayoihubiri, na amani hufuata nyuma yake.



Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika shughuli ya mwisho iliyofanyika chuoni kwenu, nani alishika kiti, kalamu, mfuko na kipaza sauti?
2. Ni mambo gani yanayowafanya wasichana wa chuo chenu wakatae kugombea? Lipi laweza kuondolewa muhula huu?
3. Je, mnawafahamu wanawake wajumbe wa Baraza la Ardhi la kijiji chenu? Mnaweza kuwasaidia namna gani?
4. Msichana akidaiwa rushwa ya ngono chuoni kwenu, atamwendea nani bila hofu? Kama hayupo mtu huyo, tufanye nini?