Kipimo Kisigeuke Hukumu



Leo tunasema juu ya mtoto ambaye bado hajazaliwa, na juu ya haki yake ya kutohukumiwa mapema.

Takribani mtoto mmoja katika kila 3,000 hufanyika tumboni akiwa na tundu katika kiwambo, yaani ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Utumbo, na mara nyingine ini, hupanda kifuani na kuyabana mapafu yasikue. Mtoto huyo akiwa tumboni hana shida ya pumzi, kwa maana mama humpatia oksijeni kwa njia ya kondo la nyuma. Shida huanza akishakatwa kitovu.

Je, yaweza kujulikana mapema kama atapona? Kwa sehemu, ndiyo. Kwa altrasaundi, daktari hupima pafu la upande usio na tundu, hulilinganisha na kichwa cha mtoto, kisha na kiasi kinachotarajiwa kwa mimba ya umri huo. Pafu lisilofikia robo ya kiasi hicho ni dalili nzito. Ini lililopanda kifuani huongeza hofu.

Lakini kipimo hicho hakimtabiri mtoto peke yake. Hutabiri pia huduma atakayoipata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusu mimba 80 za hali mbaya kabisa. Pale ambapo puto dogo liliwekwa katika njia kuu ya pumzi ya mtoto akiwa bado tumboni, watoto 40 katika kila 100 walitoka hospitali wakiwa hai. Pale lisipowekwa, 15. Mapafu yalikuwa ya kipimo kimoja. Huduma ndiyo iliyotofautiana. Wala tiba hiyo haikukosa gharama, kwani watoto wengi zaidi walizaliwa kabla ya wakati. Tena hao 15 nao walizaliwa penye mashine za kupumulia na wapasuaji wa watoto. Basi mama wa Nyakato au wa Ukerewe asisomewe namba ya mbali kana kwamba ilipatikana hapa.

Haki yadai nini basi?

Kwanza, kuonwa mapema. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24.

Pili, ukweli. Mama na baba waelezwe, kwa lugha wanayoielewa, kipimo kinasema nini na hakisemi nini.

Tatu, rufaa kabla ya uchungu. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya Kanda yote ya Ziwa. Toka Nyakato ni safari fupi. Toka visiwani ni safari ya maji, nayo haingoji usiku wa kujifungua.

Nne, mikono iliyoandaliwa. Mtoto huyu hasukumiwi hewa kwa barakoa usoni, kwa kuwa hewa hiyo hujaza tumbo na kuyabana mapafu zaidi. Hupitishiwa mrija wa pumzi, na mwingine wa kutoa hewa tumboni. Upasuaji hungoja hadi pumzi na mzunguko wa damu vitulie.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kumtabiria mama kifo cha mwanawe, kisha kumwacha atafute nauli peke yake, ni kumtwika mzigo maradufu. Tukishajua, tunawiwa kusaidia. Katika jumuiya zetu tuulizane: nani mjamzito, amepimwa lini, na nani atamsindikiza?