Mezani kwa Mkulima katika Bonde la Ahr

Leo nakuchukua hadi kijiji kimoja katika bonde la mto Ahr, kusini mwa mji wa Bonn, magharibi mwa Ujerumani. Nilikwenda huko Jumamosi moja ya mwezi Oktoba, kwa mwaliko wa mwenzangu wa kazini ambaye kila mwaka hununua mvinyo kwa mkulima yule yule. Najua kwamba wengi mnaonisikiliza, kutoka Muscat hadi Mombasa, hamtumii kileo, nami sina nia ya kumshawishi mtu. Habari niliyorudi nayo ni ya mkulima na mnunuzi wake, na itamgusa kila aliyewahi kulima zao la kuuza. Mimi mwenyewe nilizaliwa mkoani Dodoma, katika nyumba iliyoishi kwa zabibu, na nitakueleza baadaye kwa nini hatuishi kwazo tena.

Kwanza mahali penyewe. Mto Ahr una urefu wa kilomita zipatazo 85 na humwaga maji yake katika mto Rhine. Ni mto mdogo. Siku niliyofika, watoto walikuwa wakitembea ndani yake, na maji hayakuwafikia magotini. Katika sehemu yake ya chini, bonde limebanwa na milima yenye miteremko mikali, na juu ya miteremko hiyo wakulima wamejenga kuta za mawe na kupanda mizabibu ngazi kwa ngazi. Kwa Ujerumani hili ni eneo dogo la mvinyo, lenye hekta zaidi ya 500 tu. Tena liko kaskazini mno, ambako zabibu nyekundu hupata taabu kuiva. Lakini udongo wake umefunikwa na mawe meusi ya bapa, yanayonyonya joto la jua mchana na kulirudisha usiku. Ndiyo maana bonde hili lina sifa ya mvinyo mwekundu, hasa ule wa zabibu iitwayo Spätburgunder, ambayo Wafaransa huiita Pinot Noir.

Wenyeji wetu, mume na mke wa makamo, wana hekta nne. Juu ya lango lao palikuwa pametundikwa shada la matawi mabichi. Hiyo ndiyo ishara ya desturi ya Kijerumani iitwayo Straußwirtschaft: mkulima wa zabibu anaruhusiwa kufungua nyumba yake kwa wageni hadi miezi minne kwa mwaka, pasipo leseni ya mkahawa, ilimradi auze mvinyo wake mwenyewe na viti visizidi 40. Shada likitundikwa, wapita njia wanajua kwamba nyumba iko wazi.

Tulikaa kwenye meza ya mbao iliyokuwa na mkate, jagi la maji, bilauri zenye miguu mirefu na ndoo ndogo ya udongo. Mama mwenye nyumba alinieleza kazi ya ndoo ile kabla sijauliza. Anayeonja si lazima ameze. Huuzungusha mvinyo mdomoni kisha huutema. Mwenzangu, aliyekuwa dereva wetu, alitema kila tone, na hakuna aliyemshangaa. Kwa ajili ya mgeni asiyetaka kileo kabisa kulikuwa na maji ya zabibu hizo hizo, yaliyokamuliwa bila kuchachushwa.

Uonjaji una utaratibu wake. Huanza na mvinyo mwepesi na kumalizia na ule mzito, kwani mzito ukitangulia hufunika ladha ya mwepesi. Bilauri hushikwa mguuni ili mkono usiupashe mvinyo joto. Unautazama rangi, unauzungusha taratibu, unaunusa, ndipo unaonja. Mwenyeji wetu alitumiminia mivinyo miwili ya aina moja ya zabibu na ya mwaka mmoja. Wa kwanza ulikuwa na harufu ya matunda mabivu. Wa pili ulikuwa na ukakasi ulioshika ulimi na kukaa. Nilidhani umetoka kwa mkulima mwingine. Alinyoosha kidole dirishani: ule ulitoka chini, karibu na mto, kwenye udongo mzito, huu ulitoka juu, kwenye mawe. "Mita mia mbili tu, bwana," aliniambia. "Miguu yangu inaijua tofauti hiyo kuliko ulimi wangu."

Alituonyesha pia kioo chembamba cha kupimia sukari katika maji ya zabibu. Kipimo chake huitwa Oechsle, kwa jina la mvumbuzi wake. Maji ya zabibu yakifika digrii 90, maana yake lita moja ina uzito wa gramu 90 zaidi ya lita moja ya maji ya kawaida. Kwa kipimo hicho mkulima huamua siku ya kuvuna. Nilikishika kioo kile kwa muda mrefu, kwa sababu ambayo utaielewa punde.

Mwisho akaleta chupa ya mwaka 2021, na hapo sauti yake ikashuka.

Usiku wa tarehe 14 kuamkia tarehe 15 Julai 2021, mvua iliyonyesha kwa wingi usio wa kawaida iliujaza mto ule mdogo. Miaka mitano nyuma, mwaka 2016, mafuriko yalikuwa yamefika mita 3.71 katika kipimo cha Altenahr, na watu wakaamini kwamba wameona makubwa. Safari hii maji yalipita kiwango hicho kwa mbali na kukiharibu kipimo chenyewe. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha katika bonde hilo peke yake. Nyumba, madaraja na njia ya reli vilisombwa. Kwa kuwa wakulima wengi huhifadhi mvinyo wao katika maghala ya chini, mapipa yalielea na kugongana gizani, na chupa za miaka kadhaa zikazikwa katika matope.

Wenyeji wetu walinusurika wakiwa juu ya paa. Asubuhi walishuka wakakuta ghala limejaa tope hadi darini, huku mizabibu mlimani ikiwa mizima na ikihitaji mikono, maana zabibu hazimsubiri aliyefikwa na msiba. Mikono hiyo ilitoka wapi? Walikuja wakulima wa mvinyo kutoka sehemu nyingine za Ujerumani, na matrekta yao. Wakaja pia wateja. "Watu waliokaa kwenye meza hii," alisema yule mama, "waliingia langoni na makoleo. Wengine nilikuwa siyajui hata majina yao. Nilikumbuka tu mvinyo walioupenda."

Hata chupa zilizochimbuliwa zilipata wanunuzi. Wakulima wa bonde hilo waliziuza vilevile zilivyo, bila kuzisafisha, kwa jina la Flutwein, yaani mvinyo wa mafuriko. Mchango uliokusanywa kwa njia hiyo kupitia intaneti ulizidi euro milioni nne. Nyumba ile bado ina chupa moja rafuni, na tope lake limekauka likawa kama ganda.

Msikilizaji, hapo ndipo nilipoikumbuka nyumba yetu. Dodoma ni nchi ya zabibu. Wamisionari wa Kikatoliki walizileta katika karne iliyopita, na jua la huko linaruhusu mavuno mawili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ahr hawezi hata kuliota. Baba yangu alikuwa na ekari moja na nusu. Mwaka 1995 zabibu zilikubali kuliko miaka yote, na mnunuzi aliyekuwa ameahidi kuja na lori hakuja. Tulisubiri siku tisa. Zabibu zilianza kuvuja, nyuki wakajaa, na siku ya kumi baba akaziacha. Mwaka uliofuata aliing'oa mizabibu na kupanda mtama. Sukari ya zabibu zake ilipimwa na mnunuzi, bei ilipangwa na mnunuzi, na mvinyo uliotengenezwa kwazo hakupata kuuonja.

Nisingependa kusema kwamba Wajerumani walizaliwa wakiyajua haya. Bonde la Ahr liliwahi kuwa maskini sana. Katika kijiji cha Mayschoß, mwaka 1868, wakulima wadogo walioelemewa na shida waliunda chama cha ushirika ili wakamue na kuuza mvinyo wao kwa pamoja. Chama hicho kipo hadi leo, na ni miongoni mwa vile vikongwe kabisa vya aina yake duniani. Kabla ya shada la matawi langoni na bilauri mezani, kulikuwa na watu waliokataa kusimama barabarani wakisubiri lori.

Jioni ile nilimpigia simu baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za baridi?"

Nikamsimulia habari ya mteremko, kioo cha kupimia na mafuriko. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza: "Na bei, anapanga nani?"

"Anapanga mwenyewe, baba. Ameiandika kwa chaki juu ya ubao, mlangoni pake."

Alinyamaza kitambo. Halafu akataka kujua kama nilinunua. Nikamjibu kwamba nilinunua chupa mbili, na maji ya zabibu kwa ajili ya watoto.

"Hukupunguziwa?"

"Sikuomba, baba."

"Umefanya vyema," akasema.