Mke na Mume Karamuni: Sanaa ya Makaburi ya Waetruski



Waetruski walistawi katikati ya Italia kabla Roma haijapata nguvu. Walikuwa na vitabu, lakini karibu vyote vimepotea. Habari zao nyingi tumezipokea kwa Wagiriki waliokuwa washindani wao, na kwa Warumi waliowashinda. Makaburini ndiko wanakojisemea wenyewe, na naamini huko ndiko tunakopaswa kuwasikiliza kwanza.

Katika jumba la makumbusho la Villa Giulia, mjini Roma, kuna chombo cha mazishi cha udongo wa kuchoma, kilichofinyangwa Cerveteri yapata mwaka 520 KK. Kilifukuliwa mwaka 1881, kikiwa vipande vipande. Juu yake mume na mke wameegama pamoja kwenye kitanda cha karamu. Mkono wa mume uko begani kwa mkewe, wote wanatabasamu, na mikono ya mke imeinuka kama ya mtu anayezungumza. Mwathene wa zama zile angeshtuka, kwani kwao mke wa mtu hakukaa karamuni na wanaume. Ndiyo maana Theopompus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 4 KK, aliwasimulia wanawake wa Kietruski kuwa walevi wasio na haya. Masimulizi hayo yameaminiwa kupita kiasi. Makaburi yanatuonyesha mke mwenye heshima zake, na maandishi yake yanamtaja kwa jina lake la kwanza, Ramtha au Thanchvil. Mara nyingi hata jina la mama wa marehemu huandikwa. Kinyume chake, mwanamke wa Kirumi kwa kawaida alijulikana kwa jina la ukoo wa baba yake.

Hao, hata hivyo, ni matajiri. Kule Tarquinia kuna makaburi yapatayo 6,000, na yenye michoro ni takriban 200 tu. Mtumwa tunamwona humo akihudumia karamu ya wengine.

Baadaye michoro inabadilika: yanaingia mapepo ya mauti, Charun na nyundo yake, na Vanth mwenye mabawa. Wengi wameyaeleza mabadiliko hayo kwa kushindwa na Roma. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu mapepo yamo tayari katika Kaburi la Mapepo ya Buluu la Tarquinia, mwishoni mwa karne ya 5 KK, kabla mji wa Kietruski wa Veii haujaangukia mikononi mwa Roma mwaka 396 KK.

Tena desturi ya kumwonyesha marehemu ameegama haikufa. Seianti Hanunia Tlesnasa, mwanamke wa Kietruski wa karibu na Chiusi, alizikwa katika karne ya 2 KK, na jeneza lake liko British Museum. Mifupa iliyokuwamo ni ya mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyepungukiwa meno na kusumbuliwa na maumivu ya viungo. Sanamu iliyo juu ni ya mwanamke kijana zaidi, ameegama, amevaa vito, ameshika kioo. Ukoo wake ulichagua aonekane hivyo, na jina lake likaandikwa kwa Kietruski ilhali Roma ilikuwa imekwisha kuitawala nchi yao.