Akiba ya Miaka: Funzo Kutoka Maghala ya Kentucky

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema kwamba haiungui. Jambo hilo lilidhihirika katika jimbo la Kentucky, nchini Marekani, mahali panapotengenezwa kwa wingi wiski iitwayo bourbon. Mazungumzo haya hayakusudii kusifu ulevi. Yanahusu mahindi, ghala na ujirani.

Sheria ya Marekani imeiwekea bourbon masharti. Nafaka yake sharti iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51. Inayobaki kwa kawaida ni kimea cha shayiri pamoja na rai au ngano. Ikisha kuchachuka, huchemshwa na mvuke wake hukusanywa, yaani hukenekwa, kisha hutiwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Pipa moja huchukua lita 200 hivi, na kila mwaka sehemu yake hupotea hewani.

Mapipa hayafanani. Lililowekwa ghorofa ya juu, penye joto, hukomaa upesi kuliko lililo chini. Kwa hiyo fundi huonja, huchagua na kuchanganya, na kinywaji kitokacho katika mapipa machache huuzwa kwa jina la "fungu dogo". Huko si kughushi. Bourbon iliyotiwa pombe ya namna nyingine hulazimika kutajwa hivyo katika lebo. Booker Noe, mjukuu wa Jim Beam, alisifika kwa kulieneza jina la fungu dogo mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo, sheria haikuweka idadi ya mapipa. Mmoja aweza kuchanganya mapipa 20, mwingine 200, na wote wakatumia jina lilo hilo. Dhamana ya mnunuzi ni uaminifu wa ukoo unaotengeneza, na daftari la ghala lao.

Mmoja wa watengenezaji hao ni Heaven Hill, karibu na mji wa Bardstown. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1935, miaka miwili baada ya kuondolewa marufuku ya pombe nchini humo. Wenye mali ni ukoo wa Shapira. Mafundi wakuu kwa miaka mingi walitoka katika ukoo wa Beam, baba akimrithisha mwana.

Tarehe 7 Novemba 1996, moto ulizuka katika ghala lao moja. Upepo ulikuwa mkali. Wiski iliyowaka ilitiririka mteremkoni kama mto, ikawasha mengine. Maghala 7 yaliteketea pamoja na mapipa 90,000 hivi, na mtambo wa kukenekea ukateketea pia.

Fedha huweza kujenga mtambo mpya, lakini haiwezi kununua miaka 12 ya kukomaa. Pipa lisilojazwa mwaka huu ni pengo litakaloonekana sokoni miaka mingi baadaye. Ndipo Jim Beam na Brown-Forman, washindani wa Heaven Hill katika biashara, walipoikenekea wiski katika mitambo yao. Mapipa yakaendelea kujazwa. Mwaka 1999 Heaven Hill ilinunua mtambo wa Bernheim mjini Louisville, ikajitegemea tena. Aidha, maghala mengi yalikuwa yamenusurika, kwa kuwa mali haikuwekwa mahali pamoja.

Ndugu wanaushirika, wale walikuwa washindani, na bado walisaidiana. Vyama vya msingi ni ndugu wa muungano mmoja. Haifai vizidiwe kwa ujirani.

Basi kila katibu, arudipo chamani, na aiulize kamati yake maswali matatu. Je, mazao yote ya wanachama yamelundikwa katika ghala moja? Je, nakala ya daftari la mapokezi imehifadhiwa nje ya ghala hilo, ili likiungua mkulima asipoteze kilo zake pamoja na haki yake? Na je, kuna mapatano ya maandishi na chama jirani ya kupokea mazao msimu ukifika na ghala halipo?

Maswali hayo yajibiwe katika mkutano, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu, kabla ya msimu kuanza.